Agnes Binagwaho na hesabu ya madaktari 625

Katikati ya mwaka 2011 jarida la tiba The Lancet lilichapisha barua fupi ya watafiti waliokuwa Ujerumani. Waliitilia shaka Rwanda. Aprili mwaka huo nchi hiyo ilikuwa imeanza kuwachanja wasichana wa darasa la sita dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo nchi nzima. Nchi maskini yenye magonjwa mengine lukuki, waliuliza watafiti hao, ina haraka gani na chanjo hii? Na kwa kuwa kampuni ya Merck ndiyo iliyotoa dozi bure, zaidi ya milioni mbili kwa miaka mitatu, walitaka pia ijulikane nani hasa anafaidika.

Jibu lilitoka katika jarida hilo hilo, na aliyeliongoza hakuwa msemaji wa wizara. Alikuwa waziri wa afya mwenyewe, Dk. Agnes Binagwaho, akiwa na wenzake wawili. Hoja yao ilikuwa kali: maneno yale yale ya kuitaka Afrika ingoje kwanza yaliwahi kutumika kuchelewesha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na watu wakafa wakingoja.

Barua zikijibizana Ulaya, wahudumu walikuwa shuleni. Chanjo ilitolewa kwa awamu tatu, Aprili, Juni na Oktoba. Walimu walikuwa na orodha za majina. Msichana ambaye hakuonekana darasani alifuatwa nyumbani na mhudumu wa afya wa kijiji chake. Mwaka ulipoisha, takriban asilimia 93 ya wasichana waliolengwa walikuwa wamepata dozi zote tatu. Marekani, nyumbani kwa Merck, haikukaribia kiwango hicho.

Mwanamke huyu aliyebishana na wasomi wa Ulaya kwa kalamu yake alikuwa daktari wa watoto kabla ya kuwa waziri. Baada ya uwaziri akawa Makamu Mkuu wa Chuo kinachofundisha udaktari. Wasifu wake ukisomwa jukwaani, kama wasifu wote unavyosomwa, husikika kama ngazi: daktari bingwa, katibu mtendaji wa tume, katibu mkuu wa wizara, waziri, profesa, mkuu wa chuo. Kila cheo kimepandia mgongo wa kingine. Mimi nauona vingine. Kila alipohamia ofisi mpya, Binagwaho alikuwa anafukuzana na upungufu ule ule mmoja, wa watu wenye ujuzi walio tayari kukaa palipo na wagonjwa, na kila ofisi ilimwonyesha kwamba chanzo cha upungufu huo kiko mbele zaidi. Chuo ndicho alichokikuta mwisho wa barabara hiyo.

Alizaliwa Butare, kusini mwa Rwanda, mwaka 1955. Akiwa na miaka mitatu, familia yake ilihamia Ubelgiji, ambako baba yake alikuwa akimalizia masomo ya udaktari. Mwaka 1963, yeye akiwa ughaibuni, mji wake wa kuzaliwa ukapata chuo kikuu cha taifa, na udaktari ulikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo kabisa. Kwa miongo kadhaa Mnyarwanda aliyetaka kusomea udaktari bila kupanda ndege alikwenda Butare. Binagwaho, mzaliwa wa hapo hapo, alisomea Université Libre de Bruxelles kuanzia 1976 hadi 1984, kisha akabobea katika tiba ya watoto katika Chuo Kikuu cha Bretagne Occidentale, magharibi mwa Ufaransa, kati ya 1989 na 1993.

Alikuwa na kila sababu ya kubaki huko. Alikuwa na kazi ya hospitali na mshahara wa Ulaya. Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na katika siku mia moja nchi ikapoteza watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Madaktari na wauguzi waliuawa pamoja na wagonjwa wao, wengine walikimbia, na, ni lazima lisemwe, wapo wahudumu wa afya walioshiriki kuua. Hospitali zilibaki kuta.

Julai 1996 akarudi. Nasema akarudi, ingawa nchi hiyo aliiacha akiwa hajajua kusoma. Akaanza kutibu watoto katika hospitali za umma. Amewahi kusimulia hadharani kwamba hali aliyoikuta ilimzidi nguvu hadi akawaza kufunga virago, kisha akaamua kubaki na kuanza na yale madogo yaliyokuwa ndani ya uwezo wake, kama usafi wa wodi na kuwafundisha wenzake.

Hospitali kubwa ya rufaa ya umma jijini Kigali ni CHUK, pale Nyarugenge, mahali ambapo tiba imekuwa ikitolewa tangu 1918. Ukifika asubuhi utawakuta ndugu wa wagonjwa nje ya wodi na hotipoti zao, kila mmoja ameacha shughuli zake kumuuguza mtu wake. Kwa Kinyarwanda mtu huyu anaitwa umurwaza, na kazi yake inafanana na ya muuguzi: anamwosha mgonjwa, anamlisha, anafua, anafuata vipimo. Hospitali zetu zote za Afrika Mashariki zinaendeshwa kwa jasho la watu hawa bila kuwalipa, lakini hilo ni la siku nyingine. Ninachotaka msomaji akione ni wodi ya watoto ya mwaka 1996 katika nchi ambayo kaya nyingi hazikuwa na ndugu aliyebaki wa kushika hotipoti. Daktari wa watoto katika wodi ya namna hiyo anagundua upesi kwamba mtoto mwenye kuhara amefika kwake akiwa amechelewa, na aliyemchelewesha ni umbali, nauli, ada ya matibabu, maji ya kijijini, na kutokuwapo kwa mtu yeyote karibu aliyejua kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Dawa iliyo mfukoni mwa daktari haigusi hata moja kati ya hayo.

Mwaka 2002 akaondoka wodini na kuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI. Vijana wa leo huenda hawajui UKIMWI wa 2002 ulivyokuwa. Dawa zilikuwapo duniani, lakini kwa bei ya watu wengine. Nchini Rwanda waliozipata hawakufika hata elfu chache. Kisha fedha zikaanza kumiminika: Mfuko wa Dunia, mpango wa PEPFAR wa Rais George W. Bush, Benki ya Dunia. Na kila mfadhili alikuja na gari lake, fomu zake, mratibu wake na wilaya aipendayo.

Hapo ndipo ukali wa Binagwaho ulipojulikana. Rwanda ilishikilia kwamba kutakuwa na mpango mmoja, chombo kimoja cha uratibu na mfumo mmoja wa takwimu, na asiyetaka aende kwingine. Kuna uamuzi mmoja wa miaka ile ambao unaonyesha akili ya kundi lote lililoongoza afya ya nchi hiyo, Binagwaho akiwemo. Fedha za Mfuko wa Dunia ambazo kwingine zingeishia kwenye warsha na mabango zilitumika, kwa sehemu, kuwalipia maskini michango ya bima ya afya ya jamii, ile ambayo Wanyarwanda huiita mituweli. Mgonjwa mwenye VVU huugua pia malaria, huvunjika mguu, hujifungua. Akiwa na kadi ya bima atafika kituo cha afya kwa lolote kati ya hayo, na akifika atapimwa. Kwa hiyo fedha za ugonjwa mmoja zikawa zinajenga mlango wa magonjwa yote. Kufikia 2012 waliokuwa kwenye dawa za kufubaza virusi walikuwa zaidi ya laki moja.

Oktoba 2008 akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya. Mei 2011 akawa waziri, akipokea kiti kilichoachwa na daktari mwingine, Richard Sezibera, ambaye sisi wa huku tulikuja kumzoea Arusha kama Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uwaziri wa Binagwaho ulikuwa na vituko vyake. Jumatatu moja kila wiki mbili alikaa Twitter kujibu maswali ya wananchi na ya mtu mwingine yeyote duniani, bila msaidizi wa kumlainishia maneno. Na mwaka 2014, akiwa bado waziri na umri wa miaka 59, akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichokuwa kimeundwa mwaka uliotangulia kwa kuunganisha taasisi za elimu ya juu za serikali. Tasnifu yake ilihusu haki ya mtoto kupata afya katika janga la UKIMWI. Si kila mhadhiri angefurahia kushika kalamu nyekundu kumsahihishia waziri.

Takwimu za miaka hiyo zimesifiwa sana, na zinastahili. Mwaka 2000, kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Rwanda, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2005 walikuwa 152. Mwaka 2010, 76. Utafiti wa 2014 na 2015 ukakuta 50. Ni kushuka ambako nchi chache sana zimewahi kukufikia kwa muda mfupi hivyo. Sifa hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Mawaziri kadhaa walipita hapo katika kipindi hicho, chini ya serikali ambayo mkuu wa wilaya husaini malengo yake mbele ya Rais na kuulizwa mwisho wa mwaka. Katika nchi ambayo agizo likitoka Kigali hufika hadi kitongoji cha mwisho, waziri wa afya anayejua anachotaka ana nguvu ambazo mwenzake wa Nairobi au Dodoma hana. Upande wa pili wa nguvu hizo, ugumu wa kulikataa agizo, haumo katika makala za sifa zinazoandikwa ughaibuni.

Lakini agizo lazima limkute mtu wa kulitekeleza. Rwanda ina vijiji karibu 15,000, na kila kijiji kilichagua watu watatu: mwanamke na mwanamume wa kutibu maradhi ya kawaida ya watoto, na mmoja wa kufuatilia wajawazito. Zidisha, unapata wahudumu 45,000 wa afya ya jamii. Hawa hawakusomea chuoni. Mhudumu wa wajawazito alikuwa na simu ya kawaida ya vitufe, na kuanzia 2009, kwanza wilayani Musanze kisha kwingineko, alituma ujumbe mfupi wenye herufi za mafumbo: mimba mpya, mtoto amezaliwa, au dalili ya hatari. Ujumbe wa hatari ulikwenda moja kwa moja hadi kituo cha afya na hospitali, gari la wagonjwa likatoka.

Likamleta nani kwa nani? Swali hili ndilo lililobaki. Unaweza kumwokoa mtoto mwenye malaria kijijini kwa mhudumu na dawa ya mseto. Mama anayehitaji upasuaji saa nane usiku, au mtoto mwenye uvimbe tumboni, huwezi. Mwaka 2011 hospitali za umma za Rwanda zilikuwa na madaktari 625 kwa watu zaidi ya milioni kumi. Ni kama daktari mmoja kwa watu 17,000, na wengi wa mabingwa walikuwa Kigali na Butare.

Jaribio la kwanza la kuliziba pengo hili lilikuwa kubwa na la kibabe. Mwaka 2012 wizara ilizindua mpango wa miaka saba wa kukuza wataalamu wa afya: vyuo vya Marekani, Harvard, Yale na Duke vikiwemo, vilete wahadhiri wao, karibu mia moja kila mwaka, wakae Rwanda na kufundisha bega kwa bega na Wanyarwanda hadi wenyeji waweze kuendelea peke yao. Kilichowashangaza waliozoea biashara ya misaada ni upande wa fedha. Fedha za Marekani zilipita kwa serikali ya Rwanda, na Rwanda ndiyo iliyowalipa Wamarekani. Gharama za uendeshaji ambazo vyuo hivyo hukata zilibanwa kwenye asilimia 7. Mtu yeyote aliyewahi kushika bajeti ya mradi wa utafiti na chuo cha nje anajua asilimia hiyo ni ndogo kiasi gani. Wengine hukata sehemu kubwa ya fedha kabla hujanunua hata kalamu.

Mpango ulizaa mabingwa, wapasuaji, wataalamu wa usingizi, madaktari wa dharura. Pia ulikwama. Fedha za PEPFAR zilisitishwa mwaka 2017, kabla ya miaka saba kutimia, na tathmini iliyofanywa Marekani na kuchapishwa 2020 ilikuta mafanikio pamoja na mapengo mengi ya mipango na ya ufuatiliaji. Mhadhiri wa mwaka mmoja hana muda wa kuijua hospitali, akishaizoea anafungasha. Na wahitimu walibaki walewale wa zamani kwa tabia: mabingwa walipenda jiji.

Julai 2016 Rais Kagame alimwondoa Binagwaho katika baraza la mawaziri. Mawaziri wengi wa eneo letu wakifika hapo huchagua kati ya ubalozi, bodi ya shirika au shamba. Yeye akaenda kufundisha, na mwaka 2017 akawa Makamu Mkuu wa chuo ambacho hakikuwa hata na kampasi.

Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Usawa katika Afya Duniani, maarufu kwa kifupi cha UGHE. Kilianzishwa 2015 na shirika la Partners In Health la Paul Farmer, daktari Mmarekani aliyejenga jina lake Haiti na kuja Rwanda mwaka 2005. Mwanzoni kilitoa shahada ya uzamili tu, na ofisi zake za Kigali zilikuwa Kigali Heights, lile jengo la vioo linalotazamana na ukumbi wa mikutano wenye kuba inayobadili rangi usiku. Kama chuo kingebaki hapo, kati ya maduka ya kahawa na pikipiki za abiria, pengine kisingekuwa na hadithi. Kikahamia Butaro.

Butaro iko kaskazini, wilaya ya Burera, mlimani, karibu na mpaka wa Uganda na juu ya maziwa pacha ya Burera na Ruhondo. Unaiacha barabara kuu ya Musanze pale Base, kisha ni kona na mawingu. Wilaya hii ilikuwa na watu wapatao 340,000 bila daktari hata mmoja wakati Partners In Health na serikali walipoamua kuijengea hospitali. Ilifunguliwa Januari 2011. Kuta zake ni za mawe meusi ya volkano, yale ambayo wakulima wa huko huyang'oa shambani kama kero, na mafundi wa hapo hapo waliyachonga na kuyapanga hadi yakashikana bila pengo la kuingiza ukucha. Ndani ya wodi vitanda havikupangwa kuzunguka ukuta wa nje kama tulivyozoea. Vimeegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, kila mgonjwa akitazama dirisha, na hewa inavutwa juu na feni kubwa ili mwenye kifua kikuu asimwambukize jirani. Korido zimewekwa nje, barazani, kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka uliofuata kikaongezwa kituo cha saratani, na wagonjwa wakaanza kupanda mlima kutoka nchi nzima, mkondo ukiwa umegeuzwa: mtu wa Kigali anapewa rufaa ya kwenda kijijini.

Kampasi ya UGHE ilifunguliwa kwenye kilima cha pili, Januari 2019, na Rais Kagame. Julai mwaka huo likaingia kundi la kwanza la wanafunzi wa udaktari, 30, wasichana 20 na wavulana 10. Uwiano huo ulipangwa kwa makusudi, na Makamu Mkuu wa Chuo hakuwa na haya kuutetea. Masomo ni ya miaka sita na nusu na mhitimu hutoka na shahada mbili, ya udaktari na ya uzamili katika utoaji wa huduma za afya. Kabla ya kuchana maiti wanasoma historia na jamii: kwa nini watu wa mlima huu ni maskini, nani aliamua barabara ipite wapi. Mwanafunzi Mnyarwanda hutia saini mkataba uitwao umusanzu, yaani mchango: anasoma bila ada, na akihitimu anatumikia umma kwa miaka iliyokubaliwa, popote atakapopangiwa.

Soma tena sifa hizo ukiikumbuka wizara. Utaona chuo kilichochorwa na waziri wa zamani aliyechoshwa na mambo matatu: mabingwa wanaokimbilia mjini, wahadhiri wanaokuja kwa msimu, na madaktari wazuri wasiojua kusoma bajeti ya wilaya. Nchi nyingine zingeomba profesa wa anatomia aongoze chuo cha udaktari. Rwanda ilimpata mtu aliyekuwa upande wa kuwapokea wahitimu na kujua kasoro zao.

Eneo letu limewahi kuwa na viongozi wa namna hii, ingawa hatuna mazoea ya kuwaweka pamoja. Nelson Sewankambo wa Makerere alikuwa miongoni mwa madaktari vijana walioueleza ulimwengu, katika The Lancet ya 1985, ugonjwa wa kukonda uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai, Uganda. Baadaye akawa mkuu wa kitivo cha udaktari kwa miaka kumi na mkuu wa Chuo cha Sayansi za Afya. Kisali Pallangyo, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani aliyefanya utafiti wa UKIMWI, ndiye aliyekuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. UKIMWI ndio uliowafundisha uongozi watu hawa. Uliwalazimisha kubishana na wafadhili, kukusanya damu vijijini, kuajiri, kuhesabu vidonge. Hubert Kairuki peke yake alichukua njia tofauti: daktari bingwa wa uzazi aliyeanzisha hospitali, kisha chuo kikuu chake mwenyewe Mikocheni, Dar es Salaam, mwaka 1997, na kufariki miaka miwili tu baadaye.

Tofauti ya Binagwaho na hawa ni kwamba hakupanda kupitia chuo. Hakupitia ngazi ya mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, kusubiri kamati ya kupandisha vyeo isome makala zake. Machapisho anayo, zaidi ya mia mbili, mengi yakiwa ni ya kazi ya wizara: chanjo ilifikaje, bima iliongezekaje, nini hakikwenda. Wapo wanataaluma wanaonung'unika kwamba waziri anapoandika utafiti kuhusu wizara yake anajisahihishia mtihani. Nung'uniko hilo lina uzito. Lakini linganisha na mawaziri ambao hawajaacha hata ukurasa mmoja wa kubishaniwa.

Ukosoaji mzito zaidi unahusu ukubwa. Wanafunzi wachache kwa mwaka, katika majengo yaliyogharamiwa na wafadhili wa Marekani, hawawezi kuimaliza hesabu ya 625. Kazi ya kuzalisha madaktari kwa wingi inabaki kwa Chuo Kikuu cha Rwanda, chenye madarasa yaliyojaa na wahadhiri wanaogawana muda na wodi za CHUK. Waziri wa sasa, Dk. Sabin Nsanzimana, naye daktari aliyetokea kwenye mapambano ya VVU, alizindua mwaka 2023 mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne, na hospitali za wilaya zinageuzwa kuwa madarasa. Wazo la Butaro, kwamba daktari afundishwe mbali na jiji, limehamia kwenye mpango wa serikali. Mawe meusi na madirisha ya kutazama ziwa yamebaki mlimani, kwa kuwa hayanunuliki kwa bajeti ya kawaida.

Septemba 2024 hesabu hii ilipata mtihani ambao hakuna aliyeuomba. Tarehe 27 Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, binamu wa Ebola, na kirusi kilikuwa ndani ya hospitali za Kigali. Wagonjwa 66 walithibitishwa, wengi sana wakiwa wahudumu wa afya wenyewe, wale wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Walikufa 15. Kwa ugonjwa ambao katika milipuko mingi umeua nusu ya wagonjwa au zaidi, chini ya robo ni jambo la kustaajabisha. Wawili kati ya waliopona walikuwa wamewekewa mashine ya kupumulia na baadaye wakatolewa wakiwa hai, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilisema halijawahi kutokea Afrika kwa Marburg. Mashine haimtoi mtu yenyewe. Wanahitajika watu wa usingizi, wauguzi wa zamu, mtu wa maabara saa kumi alfajiri. Mwaka 2011 watu hao walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kuchora mstari mnyoofu kutoka kwenye mpango wa 2012 hadi kitanda kile kungekuwa kujipendekeza, maana mikono iliyopita hapo ni mingi. Ila mikono hiyo ilifundishwa mahali fulani.

Binagwaho hakuwa tena chuoni wakati huo. Mwaka 2022 ndio ulioipima UGHE kama taasisi: Februari 21 Paul Farmer, aliyekuwa Mkuu wa Chuo, alifariki usingizini hapo hapo Butaro akiwa na miaka 62, na mwaka huo huo Binagwaho akamaliza muda wake. Viongozi wawili wenye majina makubwa na simu za marais waliondoka ndani ya mwaka mmoja, kundi la kwanza likiwa bado halijafika hata kwenye nusu ya pili ya masomo. Vyuo vingi vya binafsi vya eneo letu vimezikwa na msiba wa aina hii. Kiti kikaja kukaliwa na Philip Cotton, daktari wa familia kutoka Scotland ambaye Wanyarwanda walishamjua: alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Rwanda tangu 2015, na kabla ya hapo aliongoza kitengo chake cha udaktari. Daktari mwingine, basi, na safari hii ni yule aliyepita ngazi ya chuo.

Kwa hesabu ya miaka sita na nusu, wale 30 wa Julai 2019 wanaingia kazini kuanzia 2026, na saa ya umusanzu inaanza kugonga siku hiyo. Watapangiwa hospitali za wilaya, Kirehe, Rusizi, Nyamasheke, ambako daktari kijana hupasua, hukaa vikao vya bajeti na kulala kwenye nyumba ya serikali yenye maji ya zamu. Baadhi watapigiwa simu kutoka London na Toronto kabla mkataba haujaisha. Wizara itakuwa na orodha ya majina yao, na orodha hiyo, tofauti na machapisho yote mia mbili, mtu yeyote ataweza kuisoma: nani yupo, nani hayupo.